Komeo la Pili

Watu mia mbili kukaa kimya ndani ya ukumbi wa sinema si jambo la ajabu kama filamu ni ya majonzi. Lakini hii ilikuwa filamu ya kuchekesha. Bango la nje lilisema hivyo kwa herufi nyekundu: UTAVUNJIKA MBAVU. Dakika ishirini zilikuwa zimepita, na mbavu zote ukumbini zilikuwa salama salimini.

Safu ya nne, kiti cha pembeni, alikaa fundi saa mmoja mwembamba, kijasho chembamba kikimtoka ingawa feni zote zilikuwa zinazunguka. Kushoto kwake alikaa mkewe, ambaye ndiye aliyeiandika filamu ile. Kushoto kwa mkewe alikaa mama mkwe, amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na kwenye skrini, mchekeshaji mashuhuri kuliko wote nchini alikuwa anafunga mlango, anaufungua, anaufunga, anaufungua. Mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Mara ya saba mtu mmoja huko nyuma alikohoa.

Fundi saa alimwibia mkewe jicho. Mkewe alikuwa amekaza macho mbele, vidole amevifungamanisha mapajani, na uso wake haukusema lolote.

"Ni mimi," fundi alijisemea moyoni. "Ni mimi niliyeiua hii filamu. Akijua, nimekwisha."

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtamwona mwanamume huyu mwehu, na mwehu si yeye. Aliwahi kukaribia, lakini si yeye.

Miaka minne kabla ya siku ile, fundi saa alikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, wala si huu wasiwasi wetu wa kawaida wa kila mtu na wake. Akitoka nyumbani alifunga mlango, akafika kona ya mtaa, akarudi kuuangalia. Jiko la gesi alilizima, akaligusa, akalinusa, akaondoka, akarudi kuligusa tena. Saa ya mteja akishaifunga, aliifungua tena kuhakikisha hajasahau bisibisi ndani, na bisibisi yenyewe iko mkononi mwake! Siku ya harusi yake alichelewa nusu saa kwa sababu hakuwa na uhakika kama ameacha pasi kwenye umeme. Hakuwa na pasi. Suti alipigiwa kwa jirani.

Mwanamke mwingine angelia. Huyu alinunua daftari. Kila kituko cha mumewe alikiandika, na humo ndimo ilimotoka filamu iliyoitwa Komeo, habari za mume asiyeuamini mlango na mke asiyeamini macho yake. Ruhusa ilitoka kwa mume mwenyewe, tena kwa kinywa kipana. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likafa, mtaa mzima ukamwita Bwana Komeo. Muuza nyanya wa pale konani, kila akimwona anapita, alimpigia kelele kama ilivyo kwenye filamu:

"Bwana Komeo, leo umefunga?"

"Nimefunga."

"Una hakika?"

Basi hapo ni kicheko kona nzima, na Bwana Komeo anacheka nao, na akishapita, anarudi kwa njia ya nyuma kuangalia mlango.

Lakini kinachomchekesha jirani hakikuchekeshi wewe mwenyewe alfajiri, umesimama jikoni pekupeku, mkono juu ya jiko la baridi, huwezi kuondoka. Bwana Komeo alichoka. Akaenda kliniki kumwona mshauri wa mambo ya akili, mzee mmoja mwenye kikohozi kisichokwisha, kila Alhamisi saa nane mchana. Hakumwambia mkewe, alitaka kumshtukiza kwa habari njema. Alimwambia anakwenda kuchukua vipuri vya saa.

"Wewe unatafuta uhakika," yule mzee alimwambia, baada ya kukohoa. "Mimi nina miaka sitini na nane, sijauona. Funga mara moja, kisha uondoke na shaka yako mkononi, kama mtu aliyebeba mwavuli. Utazoea."

Alizoea. Alhamisi ya kumi na mbili alitoka kliniki mwepesi. Shaka ilikuwa bado inakuja, lakini ilikuja kama mgeni, si kama mwenye nyumba. Akanunua keki ndogo, akaibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, maneno yote yako kwenye ncha ya ulimi.

Akamkuta mkewe anacheza peke yake sebuleni.

"Mume wangu, tumepata! Mtayarishaji amepiga simu! Wanataka Komeo la Pili! Na likifanya vizuri, wanataka la tatu!" Akamrukia shingoni. "Bila wewe na vituko vyako, mimi ningekuwa nani?" Kisha akaiona keki. "Na umeshasikia! Nani kakwambia?"

Mngefanyaje nyinyi? Yeye alikata keki, akala, na habari yake akaimeza pamoja nayo. Alijiambia atasema kesho. Baada ya chakula mkewe akafungua daftari jipya, akashika kalamu, akamtazama kwa macho yenye matumaini makubwa. Basi Bwana Komeo akainuka, akaenda jikoni, akaligusa jiko. Hakuwa na shida nalo hata kidogo. Aliligusa kwa mapenzi.

Hapo ndipo alipojiponza. Mwaka mmoja na nusu aliigiza ugonjwa wake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alirudi mlangoni bila haja ya kurudi. Alinusa gesi isiyonuka. Na Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi alikwenda kwa yule mzee wa kikohozi, kwa sababu kliniki haikumwachia moja kwa moja, na kwa sababu alihitaji sehemu moja duniani ya kukaa bila kugusa chochote. Kibaya zaidi, yule mchekeshaji mashuhuri alikuja kukaa wiki nzima kwenye karakana yake kumsoma. Kwa filamu ya kwanza alikuwa amemwiga mgonjwa. Safari hii alimwiga mtu anayemwiga mgonjwa. Jamani, chai iliyochujwa mara mbili kwa majani yale yale, nani ataisifia?

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye skrini siku ile ya Jumamosi, saa kumi alasiri.

Mlango ulipopumzika kidogo, likaja tukio ambalo Bwana Komeo hakulijua. Mke wa kwenye filamu alitungua shati la mumewe msumarini, akalinusa kwenye kola, polepole, akalirudisha. Hakuna utani uliofuata. Mke yule alisimama tu, kamera inamtazama.

"Hii imetoka wapi?" Bwana Komeo alimnong'oneza mkewe.

"Kichwani," mkewe alijibu bila kugeuka.

Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko cha kweli, cha kupiga makofi. Bwana Komeo alitazama skrini haraka: hakuna kitu. Bwana mmoja mnene wa safu ya mbele alikuwa amevunjikiwa na kiti.

Walipotoka, watu walimpa mwandishi mkono kwa upole ule wa msibani. Mtayarishaji alikuwa amekwisha kuondoka. Mama mkwe alimshika binti yake kiwiko, akampeleka pembeni, lakini sauti yake haikujua kwenda pembeni.

"Mwanangu, mimi ni mama yako, sitakudanganya. Nimecheka mara moja, na hiyo mara moja ni yule bwana wa kiti."

"Asante, mama."

"La kuvunda halina ubani. Andika lingine." Kisha akamgeukia Bwana Komeo, akampima juu mpaka chini. "Na wewe, mkwe wangu, yule mtu wa kwenye picha si wewe. Wewe ulikuwa unarudi mlangoni kama mtu aliyesahau mtoto ndani. Yule anarudi kama mtu anayesubiri kupigwa picha."

Bwana Komeo alijidai kutafuta tiketi mfukoni. Mkewe alimtazama, kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akasema wanakwenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi gazeti lilikuja. Mke alilisoma kwa sauti pale mezani, chai inapoa.

"'Filamu ya kwanza ilituchekesha kwa sababu tulimwamini yule mume. Safari hii anaonekana kama anajua kuwa tunamtazama. Hana wasiwasi, ana mazoea. Na mke, badala ya kutuchekesha, ana huzuni ambayo hakuna anayetueleza imetoka wapi.'"

Alilishusha gazeti. Bwana Komeo, kwa kukosa la kusema, aliinuka, akaenda kuligusa jiko.

"Kaa," mkewe alisema.

Akakaa.

Simu ikalia. Alikuwa mtayarishaji, na kwa vile mke alikuwa na siagi mkononi, aliiweka simu mezani ili wote wawili wasikie. "Dada yangu, pole sana. Sina haja ya kuzunguka. Komeo la tatu halipo. Tumelifunga hilo jambo."

Moyo wa Bwana Komeo uliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Halipo! Hakuna tena kunusa, hakuna kurudi, hakuna mchekeshaji kwenye karakana! Raha ilimpanda mpaka masikioni. Halafu akamwona mkewe ameinamia kikombe, akajionea aibu. Mtu gani huyu anayefurahia anguko la mkewe?

"Pole, mke wangu."

"Nimeshapoa," mke alisema. Akabeba vyombo, akaenda navyo kwenye sinki, akafungulia maji kwa nguvu, akampa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bwana Komeo alijua analia. Alitaka kumfuata, akaogopa furaha itamwonekana usoni. Akachukua mfuko wake wa kazi, akaenda karakana.

Kazi haikufanyika. Alifungua saa moja ya ukutani, akalisafisha gurudumu lile lile mara tatu, akagundua kwamba mara zote tatu alikuwa anawaza kitu kimoja. Atamwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Atamwambia: mke wangu, nilipona, nikakuuzia ugonjwa wa bandia, ukaupeleka mbele ya watu wakakucheka kwa kutokucheka. Akifikiria uso wake baada ya maneno hayo, alitamani hata ugonjwa urudi.

Saa sita mchana mlango wa karakana ukafunguliwa. Ni mkewe, ambaye hakuwa amekanyaga hapo kwa miezi. Kwapani amebana daftari. Akakigeuza kile kibao cha mlangoni upande wa TUMEFUNGA, akavuta kigoda, lakini hakukaa.

"Nataka nikusomee kitu," alisema. "Haya hayamo kwenye filamu."

Akafungua kurasa za nyuma.

"'Ameshika jiko kwa mkono wa kulia. Miaka yote alilishika kwa kushoto.' Sikiliza. 'Amerudi mlangoni, lakini kwanza ameangalia kama nipo.' 'Amelala usiku kucha. Zamani aliamka mara tatu.' 'Alhamisi. Amekwenda kuchukua vipuri. Amerudi bila vipuri. Anapiga mluzi.'" Alifunua ukurasa. "'Alhamisi. Hana vipuri. Mluzi.' 'Alhamisi.' Niendelee?"

Bwana Komeo aliweka bisibisi mezani.

"Mwaka mmoja na nusu unaigiza ndani ya nyumba yangu," mke alisema. "Mimi kazi yangu ni waigizaji, nawajua. Mwanamume anayeigiza kwake, ana kwake kwingine. Sitapiga kelele. Nataka jina tu. Ni nani?"

"Nani ni nani?"

"Mwanamke!"

Ee bwana wee! Kati ya mashtaka yote aliyokuwa ameyangoja, hilo halikuwamo hata kwenye foleni. Kwa mshtuko tu, akacheka. Lilikuwa kosa kubwa. Daftari lilimpita sikioni, likapiga rafu ya saa za mezani, na saa nne zikaanza kulia kengele kwa mpigo.

"Nimepona!" Bwana Komeo alipiga kelele juu ya kengele. "Hakuna mwanamke! Nimepona!"

"Umepona nini?"

"Wasiwasi!"

Alizinyamazisha saa moja moja, akavuta droo, na chini ya vipuri vya kweli akatoa kadi ya kliniki, imekunjika pembe. Akampa. Maneno yote ya mwaka mmoja na nusu yakamtoka kwa mkupuo: mzee wa kikohozi, mwavuli, keki, jiko aliloligusa kwa mapenzi. "Nilitaka kukwambia siku ile. Ukasema bila vituko vyangu ungekuwa nani. Nikaogopa kukunyang'anya kazi. Filamu yako nimeiua mimi, mke wangu. Nilikupa mali ya bandia. Ukitaka kuniacha kwa hilo, sina la kujitetea."

Mke aliikagua kadi. Aliikagua kweli, msije mkadhani alikuwa mtu wa kuamini kirahisi. Akahesabu mihuri kwa kidole, Alhamisi moja moja, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akahesabu tena.

"Huyu mshauri ni mwanamke?"

"Ni mzee wa miaka sitini na nane. Ana kikohozi."

"Na keki ilikuwa..."

"Ya kukupa habari."

"Nikadhani ya kunipongeza."

"Ukaniachia kipande kimoja."

Mke akakaa kwenye kigoda, pu, kama gunia lililoachiwa. Akajifunika uso kwa kadi. Bwana Komeo hakujua kama ni kilio au ni nini, mpaka alipoona meno.

"Nimenusa mashati yako yote," mke alisema, anacheka na machozi yanamtoka. "Yote! Mpaka ya kufanyia kazi! Unajua yananuka nini? Mafuta ya saa! Nikasema, huyu mwanamke ana akili, hata manukato hapaki. Nikaandika filamu nzima ya kuchekesha huku nadhani naachwa. Watu wangecheka nini?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu. Niliogopa jibu. Nikawa naandika tu, nakuchungulia, naandika. Wewe ulikuwa unarudi mlangoni kwa uongo, na mimi nilikuwa narudi kwenye mashati kwa kweli." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Usijisifu kwamba umeiua wewe. Tumeichinja wote. Mmoja ameshika miguu."

Bwana Komeo alichuchumaa mbele yake. Alihisi kitu kikimtoka kifuani alichokuwa amekibeba mpaka akasahau kuwa ni mzigo. Alikuwa na furaha, basi, hakuna neno jingine. Mkewe hakuwa amempoteza, wala yeye hakuwa amempoteza mkewe, na filamu mbaya kuliko zote za mwaka ule ilikuwa imewaokoa.

"Lakini asubuhi ulilia," alisema. "Pale kwenye sinki."

"Nani kalia?" Mke alimtazama kwa mshangao. "Nilikuwa nacheka! Niliposikia halipo la tatu, nilifungulia maji ili usinisikie. Nilichoka kukuandika, mume wangu. Nilitaka kukutazama tu, bure, kama wake wengine wanavyotazama waume zao."

"Mimi nilikimbilia huku ili usione ninavyofurahi."

"Shenzi wewe."

"Na wewe."

Wakacheka mpaka saa moja ya ukutani, kwa wakati wake mbaya, ikagonga mara kumi na mbili, kutangaza saa sita ikiwa imechelewa robo saa, ndipo mke akakumbuka kuwa ana njaa, na kwamba mama yake anawangoja kwa chakula na ana orodha ya makosa ya filamu. Daftari lilikuwa bado chini, limefunguka kifudifudi. Bwana Komeo aliinama kuliokota.

"Liache," mke alisema. "Utawashia jiko la mkaa siku gesi ikiisha."

Wakatoka. Bwana Komeo akavuta mlango, akasukuma komeo, akapachika kufuli, akageuza ufunguo. Mara moja. Alifanya taratibu, kwa mkono wa kushoto, mkewe amesimama karibu anatazama mikono yake na hana kalamu. Kisha akatia ufunguo mfukoni, wakaanza kwenda.

Pale konani, muuza nyanya aliwaona kwa mbali. Filamu mpya alikuwa ameisikia, kila mtu alikuwa ameisikia, na pengine alitaka tu kuwachangamsha. Akaweka mikono kiunoni.

"Bwana Komeo! Leo umefunga?"

"Nimefunga."

"Una hakika?"

Watu wa konani waligeuka, midomo iko tayari. Na hapo, mbele ya mkewe, shaka ikamjia Bwana Komeo, ya kweli kabisa, ile ya zamani: ufunguo uligeuka, au uligeuka nusu? Aliihisi ikimshika kisigino. Mkewe aliiona. Alikuwa ameiandika miaka minne, angeitambua hata gizani, na vidole vyake vikakaza kwenye mkono wa mumewe.

"Sina," Bwana Komeo alisema. "Twende, mke wangu, mama anangoja."

Wakampita muuza nyanya, ambaye kwa mara ya kwanza hakujua acheke wapi. Hatua kumi mbele, mke ndiye aliyegeuka kuutazama mlango wa karakana, mara moja tu, kisha naye akauacha ulivyo.